Niliambiwa Nitengeneze Mguu Tu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka masikioni. Si hasira juu ya mtu mwingine. Ni hasira juu ya kijana mmoja fundi seremala aliyejiona amefika, na kijana huyo ni mimi baba yako mkubwa, kabla sijaota hata mvi moja. Nilikuwa nimekusudia kufa nayo. Lakini jana ulinijia na simu yako mkononi, ukanionyesha picha ya kabati la vyombo la yule bibi wa Rulenge, na ukaniharibia chai yangu.

Nilikuuliza, bibi amekuambia umfanyie nini? Ukanijibu, "Baba mkubwa, amesema nibadilishe bawaba za mlango tu. Lakini mimi nitalikwangua lote, nitalipiga rangi nyeupe, nitalitia na vishikio vya kisasa. Atashangaa!" Ulisema hivyo ukicheka. Mimi nikainuka, nikakuacha na kikombe changu kikiwa nusu, na mkeo akadhani nimeudhiwa na sukari. Haikuwa sukari. Lilikuwa ni hilo neno lako, atashangaa. Nililisema na mimi neno hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo ya kipumbavu, na leo nitakueleza lilinifikisha wapi. Keti. Hiyo simu iweke mfukoni.

Kwanza usinielewe vibaya. Siichukii kazi yenu pale Lusahunga ya kununua fanicha za mitumba na kuzifufua. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha ndugu zako. Kitanda kikuukuu cha mninga ni bora mara kumi kuliko hayo makochi mnayoletewa na malori, ambayo ukimwagia chai yanavimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Nikikuona unagonga mguu wa meza kusikiliza kama wadudu wameutoboa ndani, au unapiga msasa kwa kufuata uzi wa mbao, moyo wangu unafurahi, maana hayo nilikufundisha mimi. Ninachokasirikia ni kwamba lile kubwa kuliko yote sikukufundisha. Nilikuwa naona aibu.

Basi ulikuwa mwaka ule wa vita. Sisi tulikuwa tumekwishahamishwa milimani siku nyingi, tunaishi kwenye kijiji cha ujamaa huku Bukiriro, nyumba zimepangwa mistari kama madawati ya shule. Kijiji kilikuwa na karakana, yaani banda la nyasi lenye meza mbili za kufanyia kazi, na fundi alikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kujifunza useremala Rulenge, nikarudi na cheti na suruali ya kitambaa kigumu yenye mfuko wa penseli pajani. Penseli ile sikuitoa hata kanisani.

Wakati huo vitu vilikuwa vimeadimika. Misumari ilikuwa ya kunyoosha ile iliyopinda, ukiipigapiga juu ya jiwe. Msasa wa dukani ulikuwa hadithi, tulitumia majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nani angetengeneza kabati jipya? Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa vitu vikuukuu: viti vilivyovunjika, vitanda vilivyolegea, meza zilizonyeshewa siku ya kuhama. Nilikuwa hodari, sitakudanganya. Meza iliingia karakana ikiyumba kama mlevi, ikatoka imesimama. Watu wakanisifu. Na unajua wasemavyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa, Jumatano moja akaja Mama Venansi. Huyu alikuwa mjane wa Mzee Ruhuza, jirani yetu tangu kule mlimani, na mwanawe Venansi alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulianza darasa la kwanza siku moja, tulichunga pamoja, tulipigwa fimbo pamoja. Mama alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye upande wa kanga. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu Deo. Nimekuletea kiti cha mzee. Kina ufa mguuni. Tengeneza mguu tu, Jumamosi tunamkalisha Venansi."

Hapa inabidi nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mrithi mnamwandika kwenye karatasi. Kwetu, mwenye nyumba akifa, kiti chake hakikaliwi na mtu. Kinawekwa mahali pake pale pale, kinangoja. Siku ya kumaliza matanga ukoo unakusanyika, ndugu wa marehemu anamshika mrithi mkono, anamkalisha juu ya kile kiti mbele ya watu wote, kisha mrithi anapewa pombe ya ndizi aonje wa kwanza. Akiinuka pale si kijana tena. Ni mwenye nyumba. Anaweza kusema neno kwenye kikao, anaweza kuoa kwa jina lake, na akifa analiliwa kama mzee hata kama ana miaka ishirini. Asiyekalishwa ni mtoto tu mpaka kaburini.

Mzee Ruhuza alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa inangoja ndizi za pombe ziive na mashangazi wafike. Lakini redio ikatangaza kwamba adui amevuka mpaka huko Kagera, amechoma na kuua watu, na mgambo wakaanza kuitwa. Venansi alikuwa mgambo. Jumatatu alitakiwa awe Ngara mjini na begi lake. Ndiyo maana mambo yote yakasukumwa yawe Jumamosi, ndizi zimeiva hazijaiva. Mama yule alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

Nilikijua vizuri kile kiti. Kilichongwa kwenye gogo moja la mninga, hakina kiungo hata kimoja, miguu mitatu mifupi minene. Kilikuwa cheusi tii kwa moshi na mafuta ya miaka mingi. Juu, pale pa kukalia, palikuwa na shimo la makalio ya mzee, limezama kama bakuli, maana baba yake pia alikuwa amekikalia. Mguu mmoja ulipata ufa siku ya kuhama, pale vijana wapakiaji walipokitupa kutoka juu ya lori bila kuangalia. Mzee Ruhuza aliufunga kwa kamba ya katani, akaendelea kukikalia hivyo hivyo mpaka alipokufa.

Kazi ya kutengeneza ufa ule ilikuwa ya asubuhi moja. Kata kabari ndogo, tia gundi, kaza kwa kamba, ngoja ikauke. Nilijua hivyo. Lakini nilipokuwa nakisafisha ule ufa kwa jani la msasa, weusi ukabanduka kidogo, na chini yake mninga ukatoka mwekundu, umeng'aa, mzuri ajabu. Nikasugua tena. Mwanangu, unaijua raha hiyo. Mkono ukishaanza haukubali kusimama. Nikajiambia, rafiki yangu anakwenda vitani, akalie gogo la moshi? Nitampa kiti. Watu watashangaa!

Alhamisi nikamaliza kuondoa weusi wote. Nikakitazama, nikaona lile shimo linaharibu umbo. Nikachukua randa nikalisawazisha, nikapunguza mbao mpaka juu pakawa bapa kama meza. Ijumaa nikaona miguu mitatu ni mambo ya kizamani. Nikashika msumeno, nikaikata yote mitatu, nikatoboa matundu manne, nikachomeka miguu minne mirefu niliyoichonga kwa mbao za mtarawanda. Nikaongeza na egemeo. Kulikuwa na vanishi kidogo kwenye kopo niliyokuwa nimeitunza tangu Rulenge kwa ajili ya kitanda changu cha harusi. Niliitoa yote. Ona jinsi upumbavu ulivyo na moyo mkunjufu! Nilimpa rafiki yangu vanishi ya kitanda changu.

Na ile miguu mitatu ya zamani? Nilikuwa nahitaji moto wa kuchemshia gundi. Mninga mkavu unawaka vizuri.

Usinitazame hivyo. Najua.

Jumamosi watu walitoka sala wakakusanyika kwa Mama Venansi, mabegi ya wageni yamejaa ukutani, mitungi ya pombe imepangwa chini ya mgomba. Nikaingia uani nimebeba kiti kichwani, nimekifunika kwa kitambaa, natembea kama bwana harusi. Nikakiweka katikati ya uwanja, nikangoja wanyamaze, nikafunua.

Wakanyamaza kweli. Nikadhani ndiyo kushangaa kwenyewe.

Mzee Kanyoni, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa amkalishe mrithi. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, sijapata kumsikia akipaza sauti hata kwa mbuzi. Akakisogelea kile kiti, akakizunguka mara moja, akanitazama.

"Hiki ni kiti cha nani?"

"Cha marehemu, baba. Nimekitengeneza."

"Miguu yake iko wapi?"

Nikamwonyesha ile minne mipya. Akarudia swali lile lile, neno kwa neno. Nikamwambia nilichemshia gundi.

Kuna mwanamke mmoja alipiga ukelele kama amesikia msiba. Mama Venansi alikuja, akapiga magoti, akapitisha viganja vyake vyote viwili pale juu, polepole, kama kipofu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alikuwa anatafuta lile shimo. Alipolikosa alibaki pale pale amepiga magoti, hakuniangalia.

Venansi, Mungu amweke pema, alitaka kuniokoa. Akasema, "Baba mdogo, nitakikalia tu. Mti si ni ule ule?"

Ndipo Mzee Kanyoni akalipuka. Alisema kwa lugha yetu ya Kihangaza, na mimi nakupa kwa Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili maneno yale yanapoa.

"Mti ule ule? Mti uko wapi? Baba yako alikaa hapa, na babu yako alikaa hapa, miili yao ndiyo iliyochimba kiti hiki. Huyu amewapiga randa wote wawili! Miguu ile ilikanyaga udongo wa kilima chetu. Nyumba tuliiacha, migomba tuliiacha, makaburi tuliyaacha. Tulikuja na kiti. Huyu mtoto wa Petro akakitia motoni kuchemsha gundi! Nikukalishe juu ya nini? Juu ya sifa zake?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hilo linaniuma kuliko la kwanza. Badala ya kulala chini nikaomba radhi, nilijibu. Nikasema nimefanya kazi siku tatu bila kudai hata ndizi. Nikasema kiti kile sasa ni kizuri kuliko viti vyote vya kijiji. Nikasema, na hili nililisema kwa sauti, kwamba wao hawajui fanicha.

Baba yangu Petro alikuwa amekaa upande wa wageni. Aliinuka, akavua kofia yake, akaja akasimama kati yangu na Mzee Kanyoni. Hakunipiga. Alisema, "Deogratias, sikio halipiti kichwa. Nyamaza." Kisha akageuka, akawaomba radhi watu wa nyumba ile kwa kuinama, mtu mzima wa rika lake, mbele ya watoto na wakwe. Mimi nilisimama nyuma yake na penseli yangu pajani. Nikikumbuka mgongo ule wa baba umeinama kwa ajili yangu, natamani nimrudie yule kijana nimchape kwa mikono yangu hii.

Mtu mmoja alishauri waazime kiti kingine. Mzee Kanyoni akakataa, akasema kiti cha kuazima hakirithishi mtu. Mwingine akasema wachonge kipya. Mzee Kanyoni akauliza nani atakikalia miaka hamsini kabla ya Jumatatu. Pombe ikanywewa kimya kimya, kila mtu akichungulia mrija wake. Mwisho wazee walikwenda nyuma ya nyumba, wakarudi na hukumu.

"Venansi anakwenda hajakalishwa," alisema Mzee Kanyoni. "Akirudi tutatafuta njia, na Mungu atatusaidia. Wewe Deo, nyumba hii umeiacha bila mtu. Utasimama wewe. Utalima, utaezeka, utatafuta kuni. Na ndani ya ua huu hutaketi, wala kwenye kiti, wala kwenye jamvi, wala chini, mpaka mwenye kiti arudi akukaribishe."

Jumatatu nilimsindikiza Venansi mpaka barabarani. Nilimbebea begi. Alinitania njiani, akasema akirudi atanichongea mimi kiti cha miguu mitano ili nisianguke na majivuno yangu. Nilicheka, lakini sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba akirudi, tukiwa na nafasi. Lori likaja, akapanda, wakaimba.

Nikaanza kusimama. Miezi ya kwanza, mwanangu, sikutubu hata kidogo. Nilikuwa na hasira juu yao, sikiliza ujinga huo, mimi ndiye niliyekuwa na hasira juu yao. Nililima shamba la Mama Venansi nikikwatua udongo kwa chuki. Mchana alinipa chakula, ananiwekea sahani juu ya ukingo wa ghala, nakula nimesimama kama punda. Siku moja jua lilikuwa kali, nikachuchumaa kidogo tu kivulini. Aliinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akipepeta, akanitazama. Nikasimama.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo. Mvua zilikuwa karibu, nikaingia ndani kupima nguzo kwa ajili ya kuezeka. Mama alikuwa anakandika sakafu kwa samadi na udongo, kama kila nyumba ilivyofanya. Karibu na mlango, mahali pa Mzee Ruhuza, palikuwa na vishimo vitatu sakafuni, vya miguu ya kile kiti. Nilimwona anafika pale na mkono wake wenye udongo, anazunguka kishimo cha kwanza, anazunguka cha pili, anazunguka cha tatu. Alikandika nyumba nzima, vile vitatu akaviacha. Nikaelewa kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu siku ile, na kwamba kama ningekuwa mimi, fundi mwenye cheti, ningeviziba ili sakafu ipendeze. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala, nimesimama.

Kutoka siku hiyo sikuhesabu tena siku kwa hasira. Nilimngoja Venansi kwa moyo wote. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote ya kumwomba radhi, nikayarudia shambani mpaka nikayajua kama sala ya Baba Yetu. Redio ya kijiji ilikuwa inasema majeshi yetu yamesonga, yamechukua mji huu, yamechukua ule. Mama hakuwa akienda kusikiliza. Nilienda mimi, nikarudi kumwambia, naye aliitikia tu "Haya."

Vita vikaisha. Vijana wakaanza kurudi, malori yanapita na matawi ya miti, watoto wanakimbia pembeni wakishangilia. Wa kijiji chetu wakashuka mmoja mmoja. Kila lori likisimama mimi nilikuwa pale. Kisha siku moja wakaja mgambo wawili waliokuwa kikosi kimoja naye, hawakushangilia, wakaulizia nyumba ya Mama Venansi. Mmoja alikuwa amebeba begi lile nililolibeba mimi. Mwili walikuwa wameuzika huko huko, mbali.

Nakumbuka matanga yake na damu inanichemka hadi leo. Hayakuwa matanga ya mwenye nyumba. Alikuwa mtu mzima, amekufa akiilinda nchi, na tulimlilia kama kijana mdogo, kwa sababu hakuwa amekalishwa. Ukoo haukunyoa nywele kama unavyomnyolea mzee. Mtungi haukuwekwa mlangoni. Siku tatu tu, moto wa nje ukazimwa, watu wakaanza kufunga virago. Wazee hawakufanya kwa ukatili, Mzee Kanyoni mwenyewe alikuwa analia kama mtoto. Lakini desturi ilikuwa hivyo, na mimi ndiye niliyewafunga mikono.

Ile siku ya tatu, kabla watu hawajatawanyika, Mama Venansi akaniita.

"Deo, kalete kiti chako."

Kilikuwa karakana, kimefunikwa gunia. Nilikileta. Akanionyesha mahali, ndani, karibu na mlango, pale kwenye vile vishimo. Nikakiweka. Miguu yake minne haikuingia popote.

"Kaa," akasema.

"Mama, siwezi."

"Umesimama miezi yote ukimngoja mwenye kiti. Haji tena. Kaa."

Nikamtazama Mzee Kanyoni, akainamisha kichwa. Nikamtazama baba, akatazama nje. Nikakaa. Na kiti kile, mwanangu, kilikuwa kimetengenezwa vizuri! Hakikuyumba, hakikulia, egemeo liliushika mgongo wangu barabara. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wananiangalia nimekaa peke yangu mahali pa Mzee Ruhuza. Mama Venansi alisimama mbele yangu. Hakuwa na chozi. Nimeona watu wenye hasira maishani, nimewaona walevi, nimewaona wanaogombania mipaka na mapanga mkononi, lakini macho kama yale sijayaona tena.

"Kinapendeza," akaniambia. "Kinapendeza sana."

Akatoka nje, akaanza kuosha vyombo vya wageni.

Sikusikia neno la msamaha kutoka kwake. Nililima shamba lake miaka yote mpaka tulipomzika, na aliniitikia salamu vizuri, na watoto wangu aliwapa ndizi. Neno la kiti hakulitaja tena. Nami yale maneno yangu niliyoyapanga kwa ajili ya Venansi bado ninayo, sina wa kumpa. Ndiyo maana nasema majuto ni mjukuu, anakuja baadaye, na akija hana haraka ya kuondoka.

Sasa nikuambie ninachotaka, nikuambie wazi, nisije nikafa ukasema baba mkubwa alisimulia tu. Kitu kikuukuu cha mtu kikiingia mikononi mwako, kabla hujagusa msasa, muulize mwenyewe mambo mawili. Niondoe nini? Na nini nisiguse kabisa? Uliza hata kama unaona ni ujinga, maana kuuliza si ujinga, ujinga ni huu wangu. Doa la chungu juu ya meza wewe unaona uchafu, mwenzio anamwona mama yake akiepua ugali. Mbao inayoyumba ikaze. Wadudu waue. Kilichovunjika kiunge. Lakini alama zilizochimbwa na watu, hizo si zako. Mtu akikuambia mguu, tengeneza mguu. Akikuambia bawaba, funga bawaba, chukua haki yako, muage kwaheri. Na mkono ukikuwasha kwa ufundi, msitu haujaisha, kata mti wako utengeneze chako.

Na la mwisho, hili ni la nyumbani zaidi kuliko la karakana. Ukikosa, usijitetee kwa uzuri wa kazi yako. Omba radhi siku hiyo hiyo, pale pale, kabla mtu hajapanda lori. Usiseme nitamwomba akirudi.

Kesho asubuhi hutarudi Lusahunga kufungua duka. Utakwenda Rulenge kwa yule bibi, utamwamkia, utakaa kwenye mkeka wake, utamwuliza kuhusu lile kabati, na utanyamaza mpaka amalize kuzungumza, hata kama atazungumza mpaka jua lizame. Akikuambia bawaba tu, ole wako nione tone la rangi nyeupe. Nitakuja Lusahunga kwa miguu yangu mibovu hii na fimbo.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe jicho la kuona kilichovunjika na sikio la kusikia ulichoagizwa. Akupe wateja wakweli na mkate wa jasho lako. Mtu yeyote atakayekuamini na kitu cha baba yake, akikute kitu hicho atakapokuja kukichukua. Na watoto wako wakae mahali pako kwa amani, nawe uwe umewaachia pa kukaa. Amina. Nenda ukamwambie mkeo anitengenezee chai nyingine, ile ya jana sikuimaliza kwa sababu yako.